Amemwagia ua la plastiki maji mbele yetu, halafu anataka kisima chetu!

Wanajukwaa, nimetoka sasa hivi kwenye mkutano wa kisima chetu, hata viatu sijavua, mikono inatetemeka. Yule bwana mwenye fleti za ghorofa (mnamjua, msijifanye, bango lake limetuzibia jua mtaa mzima) amesimama mbele ya wazee wetu, akafungua chupa ya maji, akapiga funda moja, yaliyobaki AKAMWAGIA UA. Ua lenyewe la plastiki! Lile la mezani, lenye vumbi la tangu enzi za Moi.

Na alifanya hivyo wakati gani? Mama wa nyumba ya kona alikuwa amesimama na mtungi wake mtupu wa manjano, amemuuliza kwa heshima zote, "Mwanangu, ukishavuta maji ya kisima hadi kwa fleti zako, sisi tutachota wapi?" Akamtazama. Akamwagia ua. Akasema, "Mama, maji hayana mwenyewe."

Hayana mwenyewe? Kisima kile tulikichanga nyumba kwa nyumba, wengine waliuza friji. Maji ya mfereji tunayaona Alhamisi usiku tu, tena yakipenda. Nairobi imo kwenye mgao tangu Januari 2017. Watoto waliozaliwa mwaka huo wanajua kubeba mtungi kuliko kuandika jina. Sasa fleti zake zitaoga nini, na sisi tuoge nini, mate?

Na msiniambie ana kibali. Kibali cha kisima kinataja maji ni ya matumizi gani na ya ardhi ipi, si mkokoteni wa kusukuma popote. Ukitaka kuyapeleka kwingine unarudi kuomba upya, na Sheria ya Maji ya 2016 inasema ombi lipitie maoni ya wananchi. Ndiyo maana tuliitwa leo! Karatasi ya mahudhurio ilizungushwa pamoja na soda, saini kwanza, soda baadaye. Kesho saini hizo zitaitwa "wakazi wameridhia". Mimi sikusaini. Soda pia sikunywa, na nilikuwa na kiu.

Lile ua lilikuwa linadondosha maji kwenye kitambaa cha meza, tone, tone, tone, na yule mama anayahesabu kwa macho. Sitasahau.

Mkaazi_wa_Korti_4: Nilikuwepo. Nathibitisha. Chupa ilikuwa ya nusu lita na alimwaga karibu yote. Nilitaka kuyakinga kwa mkono.

KijanaMtulivu: Kwa hivyo umeandika ukurasa mzima juu ya ua la plastiki? Ungekunywa soda ukalala.

Shosh_wa_Mtandao: We KijanaMtulivu nyamaza, bado unaogeshwa na mamako. Mwenye uzi, pelekeni pingamizi kwa maandishi, na nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Maneno ya mkutanoni hupepea. Na ulizeni ripoti ya NEMA, wale wa mazingira, kuhusu mradi iko wapi.

Mwenye uzi: Asante shosh. Lakini ALIMWAGIA UA.

Maragua_Damu: Nyinyi watu wa Nairobi mnalia nini? Sisi Murang'a tulichimbiwa handaki la kilomita 11.8 chini ya miguu yetu ili mito yetu iwatiririkie kwenye bwawa la Ndakaini, lita milioni 140 kwa siku. Nyanya yangu anaishi karibu na mto na bado anachota kwa punda. Nani alituuliza maoni?

KijanaMtulivu: Heheee, amewaweza.

Mkaazi_wa_Korti_4: Pole kwa nyanya, lakini hayo maji ya handaki kwangu hayajafika. Labda yako kwenye lile ua.

Pipeline_Ghorofa_ya_7: Angalau nyinyi mna kisima. Keyateka wetu, msimamizi wa jumba, amefunga tangi kwa kufuli, anafungua saa kumi alfajiri kwa dakika ishirini. Ghorofa ya saba, ngazi, mitungi minne, mgongo umekwisha.

Mama_Pacha: Keyateka wako ni malaika. Wetu ana pampu yake mwenyewe na anatuuzia maji yetu wenyewe, mtungi shilingi 50!

Pipeline_Ghorofa_ya_7: Hamsini!! Na stima je?

Mama_Pacha: Usiniulize stima. Nimenunua tokeni jana asubuhi, jioni mita inalia kama mtoto mwenye njaa.

Shosh_wa_Mtandao: Hata yangu naona inakula tokeni taa zikiwa zimezimwa. Nimeandika jukwaani mara tatu.

Mwenye uzi: Jamani turudi kwa kisima. Pingamizi nalipeleka Jumatatu, nani anakuja nami?

Mkaazi_wa_Korti_4: Mimi. Saa mbili langoni.

KijanaMtulivu: Aliye na namba ya bauza, lori la maji, la lita elfu kumi aniwekee inboksi. Kwetu mfereji umekauka tangu jana.

Mama_Pacha: Uko upande gani? Wa kwangu hafiki ng'ambo ya barabara kuu.