Naenda Law School awamu ijayo, nisome vipi nikiwa huku Mtwara?

BintiShangani

Salaam wakuu kutoka Mtwara kuchele. Nimemaliza LLB, digrii ya sheria, niko nyumbani nasubiri kwenda Law School (LST), chuo unachopitia ili uwe wakili, awamu inayofuata. Kwa sasa nimejishikiza ofisini kwa wakili mmoja hapa mjini, kazi yenyewe kuchapa, kupanga mafaili na kupeleka barua, na msimu wa korosho ukikolea mama ananiita kijijini nikasimamie waokotaji.

Sasa kila ninayemuuliza habari za Law School ananitajia yale matokeo ya 2022, watu 633, waliopita moja kwa moja 26, sapu (wa kurudia mitihani) 342, waliodisko yaani kuondolewa chuoni 265, mpaka waziri akaunda kamati ya uchunguzi ya Mwakyembe. Nikisikia hivyo tumbo linacheza. Chuo mimi nilikuwa mtu wa madesa, zile notsi za kurithishana, napiga msuli usiku mbili tatu kabla ya pepa na GPA yangu si haba. Madesa ya LST nimeshapewa na kaka mmoja aliyepita, flashi nzima imejaa. Nikiyamaliza yote kabla sijapanda basi la Dar nitakuwa salama au kuna namna nyingine? Nisaidieni jamani, vijembe hapana.

Mkongwe_Ligula

Karibu mdogo wangu. Madesa yasome, hayana dhambi, ila yatakwambia sheria inasema nini na basi. Kule hawakuulizi "eleza maana ya pingamizi la awali". Wanakupa stori ndefu ya mteja kaja ofisini, halafu mwisho wanasema andaa nyaraka stahiki. Kazi yako ni kujua nyaraka gani, uipeleke wapi, nani awe mdai, nani ashtakiwe, muda umepita au haujapita, na uiandike ikamilike mbele ya saa.

Nikupe mfano wa hukuhuku kwetu. Mteja anaitwa Somoe, anasema jirani yake Tandahimba kavuka mpaka kaingia kwenye shamba lao la mikorosho, anaokota korosho tangu msimu wa juzi, shamba thamani yake milioni 40. Mtu wa madesa anakimbilia kuandika hati ya madai kwa Order VII ya CPC, sheria ya mwenendo wa madai, kurasa tatu safi kabisa, kapata sifuri. Mgogoro wa ardhi wa thamani hiyo unaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambalo kwa kurudisha ardhi linaishia milioni 300, na kule kinachofunguliwa ni maombi kwa fomu ya kanuni za 2003, hati ya madai haihusiki. Kabla ya hapo alipita baraza la kata? Siku hizi kata wanasuluhisha tu, tangu mabadiliko ya 2021 hawaamui tena, ila ile hatua ya usuluhishi huwezi kuiruka.

Sasa rudi kwenye stori usome tena taratibu. Mstari wa katikati umeandikwa shamba lilikuwa la marehemu baba yake. Hapo ndipo wengi wanapofia. Somoe hawezi kushtaki kwa jina lake kama mtoto wa marehemu, lazima awe msimamizi wa mirathi, kwa hiyo nyaraka ya kwanza kabisa kuandaa pengine ni ya mirathi mahakama ya mwanzo na ya shamba inafuata baadaye. Mtahini akitaka kukumaliza anaongeza kwamba huyo jirani kagawiwa eneo na halmashauri ya kijiji. Ukitaka kuiunganisha halmashauri unahama baraza kabisa, unatoa notisi ya siku 90, unamuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali na unaenda Mahakama Kuu, hayo ni mabadiliko ya 2020 kwenye sheria ya mashauri dhidi ya serikali. Sentensi moja tu imegeuza kila kitu. Kwenye flashi yako haya yote yapo, lakini yapo kwenye mafaili manne tofauti na hakuna desa litakalokuunganishia.

ChumaChaMasasi

Wakili unamtisha mtoto wa watu. Dada sikiliza, tafuta pasti pepa za miaka mitano nyuma, kariri muundo wa kila nyaraka, kichwa cha mahakama, majina ya wadaawa, aya, nafuu unazoomba, uthibitisho, sahihi, "imeandaliwa na", basi. Maswali yanajirudia sana tu, wanabadilisha majina. Mimi nilipita hivyo na leo nakula maisha Masasi.

Mkongwe_Ligula

Chuma kwenye muundo nakuunga mkono, mtu asiyejua kichwa cha nyaraka hata asiende. Ila wanaokariri muundo wakikutana na wadai wawili au na mtoto chini ya miaka 18 wanaganda.

Mama_Wawili_Lindi

Shikamoo wakili. Mdogo wangu, mimi nilipata sapu nikazisafisha, kwa hiyo usiogope sana hizo namba, sapu si msiba.

Ninayokwambia ni ya mtu aliyekaa kwenye kile chumba. Kwanza saa. Nyumbani kila mtu anajua kudrafti, tatizo ni kudrafti huku muda unakata na mkono unauma, kwa sababu tumezoea kuchapa. Andika kwa kalamu kuanzia sasa. Chukua swali moja, tega simu, ikilia weka kalamu chini hata kama hujafika kwenye maombi, halafu uone umebakiza nini. Mimi nilikuwa natumia nusu ya muda kunakshi ukweli wa stori, nafika kwenye nafuu zinazoombwa nimebakiwa na mistari miwili.

Pili, na hii naomba uisome mara mbili, madesa ya huyo kaka ni ya mwaka gani? Toleo la sheria la 2023 limeanza kutumika Julai 2025 na kuna vifungu vimehamia namba nyingine. Ukikariri namba kutoka kwenye desa la zamani utaandika kifungu ambacho sasa kinazungumzia kitu kingine kabisa. Kariri kwanza kanuni yenyewe, namba uihakiki kwenye toleo jipya. Mfano notisi ya kusudio la kukata rufaa ya jinai kwenda Mahakama Kuu ni siku 10 na rufaa yenyewe siku 45, hiyo ijue kama jina lako, halafu ndiyo utafute kifungu chake kiko wapi leo.

Tatu usidharau maadili ya uwakili na hesabu. Watu wanakesha na madai na jinai, haya masomo wanayaita ya kupumzikia, halafu wanakamatwa hapo. Hela ya mteja na hela ya ofisi hazikai akaunti moja, anza na hilo.

BintiShangani

Shikamooni wote, nimesoma mpaka jasho limenitoka. Chuma asante kwa kunipa moyo. Sasa wakili, kikundi cha diskasheni huku sina, wenzangu wote wako Dar na Dodoma. Na Kiingereza changu cha kuandika ni cha kuungaunga. Nashangaa sheria ya 2021 imesema lugha ya mahakama ni Kiswahili halafu pepa bado Kiingereza.

Mkongwe_Ligula

Marahaba. Malalamiko ya lugha yana msingi lakini hayatakuongezea alama, pepa likija lijibu kwa lugha lililokuja nayo. Kiingereza cha nyaraka hakina maneno mengi, ni sentensi zilezile zinarudi. Ingia TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria, ni bure, soma hukumu moja nzima kila unapopata nafasi, usisome muhtasari wa mtu. Anza na ile ya Mukisa Biscuit ya 1969 ujue pingamizi la awali ni hoja ya sheria tupu isiyohitaji ushahidi, kisha tafuta hukumu za Kanda ya Mtwara zilizotupilia mbali maombi. Humo jaji anakuandikia kabisa kwa nini nyaraka ya wakili fulani imekufa. Ni mwalimu wa bure huyo.

Kikundi unacho na hukioni. Si uko ofisi ya wakili? Mafaili unayoyapanga ndiyo darasa. Muombe bosi ruhusa usome faili lililofungwa, usome stori ya mteja tu, funika nyaraka zilizobaki, uandike zako, kisha ufunue ulinganishe. Siri za wateja ziishie palepale ofisini lakini, usije ukapiga picha ukatutumia humu. Na ukitumwa mahakamani usikimbilie kurudi, kaa nyuma dakika chache usikilize wanavyobishana.

ChumaChaMasasi

Hii ya kufunika faili sikuwahi kuifikiria aisee.

BintiShangani

Nimejaribu usiku huu bila faili la mtu, stori ya Somoe nimeiendeleza mwenyewe, ameshateuliwa msimamizi na anaomba zuio jirani asiokote mpaka shauri liishe. Kiapo, yaani maelezo ya kuapa ya kuunga mkono hayo maombi, kina aya sita. Aya ya 4 inasema mama yake alimwambia jirani alianza kuingia shambani 2023. Aya ya 6 inasema kitendo cha jirani ni kinyume cha sheria na anastahili kuzuiwa. Uthibitisho nimeandika "yote niliyoeleza kuanzia aya ya 1 hadi ya 6 ni kweli kwa ufahamu wangu mwenyewe". Nimetumia dakika 40. Nipondeni.

Mama_Wawili_Lindi

Dakika 40 kwa aya sita ni nyingi mdogo wangu, ila umeanza.

Mkongwe_Ligula

Aya ya 6 ifute, hiyo ni hoja ya kisheria, kiapo kinabeba ukweli tu, hoja utazisema ukisimama mbele ya baraza. Aya ya 4 ibaki kwa kuwa mama umemtaja, lakini uthibitisho wako unadai Somoe anajua mwenyewe wakati aliambiwa. Tenganisha: aya ya 1, 2, 3 na 5 kwa ufahamu wake, aya ya 4 kwa taarifa aliyopewa na mama na anaiamini kuwa ya kweli. Halafu pale chini mbele ya Kamishna wa Viapo, tarehe umeweka? Mahali alipoapia je? Bila hivyo pingamizi la kwanza litakufuata wewe. Andika upya kwa kalamu, robo saa, tuma kesho.