Tupeane uzoefu: koili ya veipu (kiwaya kinachopasha juisi kwenye sigara ya umeme) imeandikwa omu 0.4 (kipimo cha ukinzani wa umeme), skrini inasoma 0.46. Ni koili mbovu?

Mleta mada: Wakuu, wanaoanza veipu wakiona namba inachezacheza wanakimbilia kutupa koili. Tuwaelekeze.

Pini_ya_Kati: Namba iliyochapwa ni makadirio ya kiwandani. 0.4 ikisomeka 0.38 au 0.43, endelea tu. Ikiruka 0.41, mara 0.55, mara irudi, hapo tatizo ni mgusano. Geuza tangi uangalie pini ya katikati. Mara nyingi ina utando wa juisi iliyogandia. Futa pini na pale tangi linapofungiwa kwa kijiti cha pamba chenye spiriti, iache ikauke, kaza koili, halafu tangi. Vidole vinatosha! Ukikaza kwa nguvu, kile kimpira kinachoizunguka pini kinapondeka, pini inagusa chuma cha pembeni, kifaa kinalalamika shoti.

Waya26: Pini_ya_Kati hajagusia joto. Waya wa Kanthal (aloi ya chuma, kromi na alumini) ukipata moto ukinzani wake haubadiliki sana. Nikeli, titani na chuma cha pua unapanda, ndiyo maana hizo hutumika kwenye kudhibiti joto: kifaa kinakadiria joto kwa kuona ukinzani umepanda kiasi gani. Sasa mtu anafunga tangi likiwa bado la moto, kifaa kinachukua namba hiyo kana kwamba ni ya baridi. Kinadhani koili haijapata joto, kinazidi kusukuma umeme, pamba ya ndani inayonyonya juisi inaungua. Iache ipoe kabisa, dakika 10 hivi, ndipo uhifadhi usomaji.

Mleta mada: Na wanaojifungia koili mbili?

Waya26: Zinakaa sambamba: 0.8 na 0.8 inasomeka 0.4. Ukiona 0.8, mguu mmoja umelegea.

Betri_Mbichi: Kifaa cha kupanga wati kinajirekebishia volti chenyewe, kwa hiyo 0.40 na 0.43 hutaona tofauti. Kisichojirekebisha ndicho cha kuangalia: volti 3.7 kwenye omu 1.2 ni wati 11 hivi, kwenye 0.5 ni 27. Vile vya chuma kitupu visivyo na saketi ya ulinzi, anayeanza asiviguse. Betri iliyojaa ina volti 4.2, kwa omu 0.2 hizo ni ampea 21, na betri ya ampea 20 tayari imezidiwa.

Pini_ya_Kati: Namba ikiwa sawa lakini ladha ni ya kuungua, usihangaike na omu. Pamba ni kavu. Koili mpya idondoshee juisi kwenye matundu yake, jaza tangi, subiri dakika 5 hadi 10, uanze na wati za chini zilizoandikwa ubavuni.