Mfumo wa sacco bado uko kwa Ubuntu 18.04, tupange vipi miaka inayokuja?

mhasibu_donholm
Habari wadau. Mimi ni mhasibu wa sacco ndogo huku Eastlands, mfumo wa akiba na mikopo tulijengewa 2018 na kijana ambaye sahii yuko nje ya nchi, ukimtumia meseji anajibu lakini si kila saa. Uko kwa seva moja ya kukodi, Ubuntu 18.04 (mfumo unaoendesha seva), PHP 7.2 (lugha iliyoandikiwa programu) na MySQL 5.7 (databasi), malipo ya M-Pesa yanaingia yenyewe, bakapu inaandikwa usiku kwa hio hio seva. Unafanya kazi vizuri tu. Sasa kamati inataka bajeti ya kuutunza muda mrefu na kuna kampuni imeleta mkataba wa mwaka wanasema "tutasapoti kila kitu", nikiuliza kila kitu ni nini naambiwa usijali madam. Mwenyekiti naye anauliza mbona tulipie kitu hakijaharibika. Nimjibu nini, na tununue mpya ama tukae na huu?

seva_na_chai
Dada mwambie mwenyekiti programu haiharibiki kwa kuzeeka, inaachwa na watu walioitengeneza. Sapoti ya kawaida ya Ubuntu 18.04 iliisha Mei 2023, MySQL 5.7 ikafuata Oktoba 2023, na PHP 7.2 wenyewe waliiacha 2020 ila Ubuntu waliendelea kuipa apdeti za usalama mpaka muda wao ulipoisha. Kwa hivyo tangu hapo tundu likipatikana linabaki wazi, na hio seva ina nambari za simu na vitambulisho vya wanachama wote. Kitu cha wiki hii ni kuiunganisha na Ubuntu Pro, ile sapoti ya ziada ya Ubuntu, inawapa apdeti za usalama mpaka 2028, mpumue mkijipanga.

Halafu chukua karatasi moja uandike kila kitu mfumo unategemea, seva, databasi, PHP, cheti cha tovuti, jina la domeni, na mbele ya kila kimoja tarehe ya mwisho wa sapoti. Ukichagua kipya chagua chenye kalenda inayojulikana. Ubuntu LTS, yaani matoleo ya sapoti ndefu, hutoka kila miaka miwili na kupata miaka 5, kwa hivyo 24.04 inafika 2029, PostgreSQL (databasi nyingine) kila toleo kubwa hupata miaka 5 pia. Pangeni kuhama mwaka wa nne, msingoje wa tano. Na muangalie ni nani anaahidi, watu waliweka CentOS 8, mfumo mwingine wa seva kama Ubuntu, wakijua ni mpaka 2029, Desemba 2020 wakaambiwa inaisha mwisho wa 2021.

kodi_ngara
Nakubali kuhusu tarehe lakini hio ndio sehemu rahisi, pesa itaenda kwa kodi za programu (code, yale maandishi aliyoandika kijana wenu, si kodi ya serikali) na hapo ndio bajeti nyingi hukosea. Ukitoka MySQL 5.7 kwenda 8.0 maneno kama groups na rank yamekuwa ya databasi yenyewe, sasa kama aliyejenga aliita jedwali groups (na mfumo wa sacco ukikosa jedwali la vikundi nitashangaa) kila swali (amri ya kusoma databasi) linalolitaja bila alama za kulizungushia litakataa. Hio afadhali juu inapiga kelele. Mbaya ni ile ya kimya. Kwa PHP 7 ukilinganisha 0 na maandishi matupu kwa alama ya == (ya kuuliza kama vitu viwili ni sawa) inasema ni sawa, PHP 8 inasema si sawa. Chukua mwanachama amemaliza mkopo, salio ni 0, programu iliandikwa "kama salio ni tupu basi hana deni", ukihama anaanza kuonekana ana deni na hakuna ujumbe wowote wa makosa. Kwa hivyo msiapgredi hio seva ikiwa hapo ilipo. Jengeni mpya pembeni, mpakie data, mwisho wa mwezi mtoe ripoti kwa zote mbili na mlinganishe mwanachama kwa mwanachama mpaka shilingi ikubali. Huyo mtu wa kulinganisha ni wewe mhasibu, si sisi wa kompyuta, na siku zako ziingie kwa bajeti.

mhasibu_donholm
Aki asante, nimeingia kuangalia na kweli kuna jedwali linaitwa groups. Na huo mkataba je?

mama_mikataba
Usiweke sahihi ya "kila kitu". Waandike ni nini wanaapdeti, mara ngapi, na mfumo ukilala Ijumaa jioni watajibu baada ya saa ngapi. Kodi za programu, domeni, paswadi za seva na funguo za M-Pesa zote ziwe kwa jina la sacco, kampuni ipewe ruhusa tu, ndio mkiachana mwende na mfumo wenu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka mkataba wa maandishi na yeyote anayewashughulikia data, na data ikivuja kwa njia inayoweza kuwaumiza wanachama mna saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data, kwa hivyo wao wawaambie nyinyi mapema.

Bakapu kwa hio hio seva si bakapu, itoke nje leo. Na kila robo mwaka kampuni irudishe bakapu kwa mashine tupu mbele yako, ufungue akaunti ya mwanachama mmoja unayemjua na uangalie salio lake. Wakikataa kuandika hicho kipengele, tafuta wengine.

mhasibu_donholm
Sawa. Kijana wetu amejibu, anatuma kodi zote kesho na amekubali kulipwa siku za kurekebisha groups. Kampuni nimeirudishia mkataba waandike upya.