Ushauri: nikeshe nikisoma au nilale mapema niamke alfajiri?

Mtoa mada: Wakuu, nimekwama. Mtihani umebaki wiki sita. Nisome saa 4 usiku hadi saa 8, au nilale saa 3 niamke saa 9 alfajiri nisome hadi saa 11? Nataka moja tu. Ipi inashika kichwani?

Jogoo_wa_Pili: Alfajiri, ila usihamie kwa mkupuo. Rudisha saa ya kuamka dakika 15 hadi 20 kila baada ya siku mbili, usingizi utaifuata. Wengi wanakosea hapa: wanajimulika taa kali saa 9 wakati kwa mwili bado ni usiku wa manane. Mwanga wa saa hizo unaichelewesha saa ya mwili badala ya kuiwahisha, na kesho yake kuamka ni kugumu zaidi. Anza na taa hafifu, ongeza mwanga kadiri mwili unavyozoea.

Daftari_Wazi: Saa si tatizo. Funika daftari, andika unachokumbuka, kisha fungua ukague. Rudia baada ya siku 1, 3 na 7. Anayesoma kwa kupitisha macho tu atasahau hata akisoma saa sita mchana. Na kijana asiyeweza kuacha simu asisingizie usiku.

Mama_Wawili: Mwanangu, kazini unaingia saa ngapi?

Mtoa mada: Kazi ya kawaida tu, mama.

Mama_Wawili: Nimeuliza saa ngapi. Na kazi gani.

Mtoa mada: Haya. Naendesha basi dogo la wafanyakazi. Natoka nyumbani saa 11 na nusu alfajiri, narudi saa 2 usiku. Kukesha nimeshaanza, hii ni wiki ya pili. Nakunywa kahawa vikombe viwili saa 4 na naenda vizuri. Nikiacha sasa nitakuwa nimejivunja moyo.

Hesabu_Kali: Hii chai. Unalala saa 8, unaamka saa 11: saa tatu. Kahawa ya saa 4, karibu nusu yake bado imo mwilini saa 9, kwa hiyo hata hizo tatu ni usingizi mwepesi. Wiki mbili hivyo halafu "naenda vizuri"? Umetunga.

Mtoa mada: Sijatunga. Juzi kwenye foleni kichwa kilianguka mara mbili. Sikutaka kuliandika hilo.

Hesabu_Kali: Samahani, mkuu. Basi sikiliza. Kwenye mwendo wa kilomita 60 kwa saa, ukisinzia sekunde nne gari limekwenda karibu meta 67 bila dereva. Kufungua dirisha na kupandisha redio hakusaidii. Kichwa kikianguka, egesha mahali salama, lala dakika 15 hadi 20, na ukiamka mzito usiondoke mpaka uzito uishe. Hiyo inakufikisha tu, haifidii usiku uliopotea. Leo lala. Mwombe msimamizi dereva wa kesho.

Mama_Wawili: Ukishashusha watu asubuhi, mpaka jioni unafanya nini?

Mtoa mada: Nakaa kwenye gari, nasubiri. Saa 3 asubuhi hadi saa 10 jioni.

Mama_Wawili: Saa saba hizo, mwanangu.

Mtoa mada: Pana kelele na joto.

Daftari_Wazi: Pamba masikioni, gari chini ya kivuli, milango wazi. Soma dakika 40, tembea 10. Vipindi vitatu vinatosha, kisha ulale kidogo kabla ya kupakia.

Mtoa mada: Nampigia msimamizi sasa hivi.