Wameua pikipiki wakabakiza FULANA. Eti "unavaa saizi gani, mzee?"

Chuma Cha Kale (mleta uzi)

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka, kwa hiyo herufi zikirukaruka mnivumilie. Mnawajua ninaowasema. Siwataji, maana nikiwataja nitakuwa nimewatangaza bure. Ni wale wale wa nembo kubwa na maneno makubwa kuhusu uhuru na barabara isiyo na mwisho.

Wametoa orodha ya mwaka mpya. Nimeifungua, nikashuka chini, nikapanda juu, nikashuka tena. Haipo. Ile kruza ndogo, pikipiki ya siti ya chini na usukani mpana, ya kupozwa kwa hewa, tangi dogo, siti ya mtu mmoja, haina redieta, haina skrini, haina kitu cha kukuuliza nenosiri kabla hujaenda dukani. HAIPO. Na si hiyo tu, wamefyeka kweli kweli. Zilizobaki ni zile meli zenye spika na mabegi pembeni, ambazo ukikosea ukaegesha pua ikitazama mteremko unaitisha kikao cha ukoo kuja kuivuta kinyumenyume.

Sawa. Nikameza mate. Modeli kufutwa si jambo geni. Nikasema ngoja nipige simu pale wanapouzia, huenda kuna moja imesahaulika stoo. Akapokea kijana mmoja, sauti ya mtu aliyelala vizuri. Nikamtajia modeli. Nikasikia anabofyabofya. Akasema, kwa furaha kabisa: "Hiyo imeondolewa. Ila FULANA yake bado ipo."

Fulana.

"Unavaa saizi gani, mzee?"

Wakuu. Mimi nauliza mambo ya injini, mtu ananiuliza mambo ya kifua. Nikadhani sijasikia vizuri, nikamwambia kijana wangu, nataka pikipiki. Akasema anaelewa, ndiyo maana ananiambia fulana ina picha ya pikipiki. Na je, napenda ya shingo ya duara au shingo ya V? SHINGO YA V! V niliyokuwa naitafuta mimi ni injini, silinda mbili zimepanuka kama herufi V, inanguruma, inakuchoma paja la kulia ukikaa kwenye foleni. Sasa naambiwa V ipo, ila ni ya pamba.

Halafu someni tangazo lao. Eti wamepunguza modeli "kumrahisishia mteja uchaguzi". Mteja gani huyo aliyekwenda kulia kwao kwamba pikipiki zimezidi? Mleteni hapa tumwone sura. Mimi uchaguzi wangu ulikuwa rahisi tangu zamani: nataka ile. Na chini ya maneno hayo hayo wameweka "mpya kabisa", ambayo ni ile ile ya mwaka juzi wameipaka nyeusi mpaka ekzosi. Nyeusi ndiyo teknolojia siku hizi.

Nimeingia kwenye tovuti kuhakikisha. Hiyo modeli: pikipiki sifuri, fulana rangi nne. Kuna na ya mtoto mchanga.

"Unavaa saizi gani, mzee?" Na huo uzee kautoa wapi, kwenye simu?

Nawasilisha.

PlagiChafu

Wa kwanza kujibu. Uzi mrefu hivi na hujasema unavaa saizi gani.

Nimekaa Pale

Siti ya mbele. Endeleeni.

Mzee wa Klachi

Mleta uzi pole, lakini povu limekutoka bila kumjua muuaji. Hiyo injini haikuuawa na kijana wa simu. Kwenye V ya kupozwa kwa hewa silinda ya nyuma imejificha mgongoni mwa mwenzake, inapata upepo ambao wa mbele ameshaupasha moto. Chuma kinatanuka sana, kwa hiyo kiwandani wanalazimika kuacha nafasi kubwa kati ya pistoni na silinda, oili inapenya na kuungua. Na ili isichemke kupita kiasi wanailisha petroli ya ziada, ambayo haiungui yote, inatokea nyuma. Kanuni za moshi za Ulaya, Euro 5, zilipoanza, 1 Januari 2020 kwa modeli mpya na 1 Januari 2021 kwa zilizokuwa tayari sokoni, hesabu ikawa moja: ama uchore injini upya, ama ufute. Injini ya umri ule nani ataichora upya?

Chuma Cha Kale

Mkuu asante kwa somo. Ila Euro 5 haikumtuma yule kijana kuniuliza shingo ya V au ya duara.

Silinda Pacha

Mzee wa Klachi unawatetea bure. Royal Enfield Meteor 350 inapozwa kwa hewa na oili, haina redieta ya maji, na Euro 5 imepita. BMW walileta R 18 mwaka 2020, injini ya cc 1,802, nayo ni hewa na oili, nayo imepita. Kwa hiyo hewa haijapigwa marufuku na mtu. Hao wenzetu walichofuta ni kazi ya kufikiri.

Mzee wa Klachi

Meteor ina nguvu farasi 20. Kwa nguvu hiyo hata moshi unachoka njiani kabla ya kufika mwisho wa ekzosi. Na R 18 silinda zimelala, kila moja imetoka nje upande wake, zote mbili zinapigwa na upepo ule ule. Kwenye V silinda moja iko nyuma ya nyingine. Usilinganishe.

Silinda Pacha

Nalinganisha. Farasi 20 zilizopo dukani zinazishinda farasi zote zilizofutwa.

Chuma Cha Kale

Mnaanza kutoka nje ya mada. Mada ni FULANA.

BintiGiya

Kaka zangu, nyie mnalilia mngurumo, sisi wafupi tunalilia miguu kufika chini. Hizo ndogo zinazofutwa kila mwaka ndizo zetu. Siti iko chini, uzito unabebeka, ukisimama kwenye taa unakanyaga lami kwa soli nzima, si kwa kidole gumba. Kila anayenipa ushauri ananiambia "anza na ndogo dada, ukizoea panda kubwa". Ndogo ipi? Kruza ikishafika kilo 345 kama hiyo R 18 mnayoisifia, ikiegemea upande mimi namuaga tu, siizuii. Mwisho nimechukua Honda Rebel 500, siti sentimita 69 kutoka chini, na sijutii.

Ekzosi Wazi

Rebel si kruza. Silinda zake zimesimama sambamba. Kruza ni V.

BintiGiya

Ina siti ya chini, usukani mpana, na IPO DUKANI. Wewe V yako iko wapi? Kwenye pamba?

Nimekaa Pale

Hapo dada kamaliza. Mwenye V ajitokeze.

Ushindi Wangu

Nawasoma tu huku nacheka kwa uchungu. Nyie mmepunguziwa modeli, sisi tulifungiwa nembo nzima. Polaris, wenye kampuni, walitangaza kuifunga nembo yetu ya Victory Januari 2017. Mwaka 1998 ilizaliwa, haikufika hata miaka ishirini. Si kwamba pikipiki zilikuwa mbovu, ila nyumba moja ilikuwa na watoto wawili, na Indian, nembo yao ya pili, ndiye aliyekuwa na jina la babu. Waliahidi spea kwa miaka 10. Chukueni 2017 mjumlishe 10, halafu mje mniambie kuhusu fulana.

PlagiChafu

Kila uzi lazima huyu afike. Mtu anaweza kufungua uzi wa kofia ngumu na yeye akaleta Victory.

Ushindi Wangu

Kofia ngumu yenyewe nilikuwa nayo ya Victory. Nayo hawatengenezi tena.

Chuma Cha Kale

Pole mkuu, lakini wewe angalau hukuulizwa saizi. Waliwafungia kwa heshima. Mimi niliulizwa SAIZI. Nikiwa nimeshika simu kwa mkono mmoja na picha ya pikipiki kwenye mkono wa pili.

PlagiChafu

Swali dogo kwa mleta uzi. Hiyo uliyonayo sasa uliinunua mpya?

Chuma Cha Kale

Hilo halihusiani.

PlagiChafu

Ni mtumba.

Nimekaa Pale

Mtumba huo. Kimya chake kinasema mpaka mwaka wa kutengenezwa.

Chuma Cha Kale

NIMESEMA HALIHUSIANI. Imetunzwa kuliko mpya nyingi mnazozijua. Nimebadilisha gasketi za vifuniko vya vali kwa mikono yangu mwenyewe.

Mzee wa Klachi

Linahusiana sana tu. Hapa kila mtu anaipenda ile ndogo, na kila mtu anaitafuta kwa mtu aliyeichoka. Kiwanda hakipati kitu mtumba ukibadilisha mikono. Wanaojaza fomu za mpya ni hao wa meli za mabegi, na faida ya meli moja ni kubwa kuliko ya hizo ndogo ulizozoea. Ungekuwa wewe ndiye mwenye kiwanda ungefuta ipi? Sanasana wewe umewaingizia kwa spea na oili. Na fulana kama utanunua.

Chuma Cha Kale

SITANUNUA.

BintiGiya

Anafikiria nyeusi.

Chaji Mia

Wazee wangu tulizeni mshono, za umeme zinakuja, mabishano yote haya ya hewa na maji yataisha. Hakuna moshi, hakuna klachi.

Ekzosi Wazi

Na hakuna sauti. Mtu akija nyuma yangu bila sauti namhesabu ni mwizi.

Chaji Mia

Wewe sauti yako majirani wameshaihesabu. Uliondoa sailensa ya kiwandani ukaweka bomba tupu, na ni watu aina yako wanaofanya sheria ziongezwe kila mwaka. Halafu modeli zikifutwa mnashangaa.

Ekzosi Wazi

Bomba linaokoa maisha. Dereva wa gari anisikie kabla hajanigonga.

Mzee wa Klachi

Sauti ya ekzosi inaelekea nyuma, na gari linalokukatia mbele liko mbele. Anayekusikia vizuri ni yule uliyeshampita.

Silinda Pacha

Nakazia.

Mgeni Njiani

Samahani wakuu, ndio nimejiunga leo na nimeona huu uzi una watu wengi. Nimepata kruza ya zamani ya hewa, silinda mbili. Niweke oili gani?

Nimekaa Pale

Mungu wangu. Kaiuliza.

Ekzosi Wazi

Uzito wa 20W-50. Usisikilize mtu mwingine.

Silinda Pacha

Sintetiki. Injini ya hewa inapanda joto sana kwenye foleni, oili ya kawaida inaisha nguvu mapema.

Ekzosi Wazi

Sintetiki inavuja kwenye sili za zamani.

Mzee wa Klachi

Sintetiki haivujishi sili nzima, inafichua sili iliyokwisha kufa. Mgeni, kabla ya hayo yote angalia kopo. Kama klachi ya pikipiki yako inaogelea kwenye oili hiyo hiyo ya injini, tafuta palipoandikwa JASO MA, alama ya oili inayofaa klachi za namna hiyo. Oili nyingi za magari zina viungo vya kupunguza msuguano, na klachi inaishi kwa msuguano. Ukiimwagia hizo, unavuta gesi, injini inapiga kelele, pikipiki inabaki palepale.

Ushindi Wangu

Yangu ilikuwa inatumia 20W-40.

PlagiChafu

Hakuna aliyekuuliza Victory.

Chuma Cha Kale

Jamani oili fungueni uzi wake. Hapa tulikuwa tunamzungumzia kijana wa simu. Hivi mtu anawezaje kumwambia mwenzake "unavaa saizi gani" wakati...

BintiGiya

Subiri kidogo mkuu. Mzee wa Klachi, na mimi kwenye Rebel niangalie hiyo hiyo JASO MA?

Mzee wa Klachi

Ndiyo dada, klachi yako iko ndani ya oili. MA au MA2. Ukikuta MB acha, hiyo ni ya skuta.

Silinda Pacha

Na ubadilishe injini ikiwa ya moto.

Ekzosi Wazi

Ya vuguvugu. Ya moto atajiunguza.

Silinda Pacha

Ya moto ndiyo inatoka na uchafu wote.

Mgeni Njiani

Asanteni wakuu. Ila kitabu kilichokuja na pikipiki kimeandika 10W-40.

Ekzosi Wazi

Kitabu kimeandikwa na wanasheria.

Mzee wa Klachi

Kitabu kimeandikwa na walioitengeneza. Fuata kitabu.

PlagiChafu

Kitabu cha mwaka gani? Piga picha ukurasa wa oili utuwekee hapa.