Kikundi cha mazungumzo Bustani za Dari, Langoni (Lamu): ndoo ya kwanza

16:02 Athman: Salaam aleikum. Ndoo ya lita 20 iko tayari, ilikuwa ya rangi ya ukuta. Nataka sukuma wiki darini, juu ya nyumba, ndani ya maji ya mbolea, bila udongo na bila pampu. Ami Shee, Bi Mwanaesha, nianzie wapi?

16:05 Bi Mwanaesha: Waaleikum salaam. Anzia kwa kuiweka kando hiyo ndoo. Rangi haitoki yote hata ukwangue. Chukua ya mafuta ya kupikia, uioshe kwa sabuni mpaka isiteleze.

16:06 Bi Mwanaesha: Nje ipake nyeusi, ikikauka nyeupe juu yake. Nyeusi yazuia mwanga. Mwanga ukiingia kwenye maji ya mbolea huota utando wa kijani. Nyeupe yarudisha jua. Wengi huishia kwenye nyeusi, saa nane mchana maji yamekuwa ya kuogea.

16:11 Ami Shee: Katikati ya mfuniko toboa tundu, kikombe cha mtindi kining'inie kwa ukingo wake. Kikombe kitoboe kwa msumari wa moto chini na ubavuni, matundu kama 20 ya milimita 5. Ndoo moja, mche mmoja.

16:12 Ami Shee: Pembeni kitundu cha hewa cha upana wa kidole, na ukizibe kwa kipande cha chandarua, la sivyo utafuga mbu. Samaki wa birika wa kula viluwiluwi vya mbu humu hawatiwi, na mafuta ya taa yanaua mizizi.

16:15 Khadija: Kikombe kinajazwa nini? Kokoto?

16:18 Ami Shee: Si za hapa. Zetu ni matumbawe, chokaa tupu. Zinayeyuka kidogo kidogo, pH (kipimo cha asidi ya maji) inapanda, mmea unashindwa kunyonya madini ya chuma: majani machanga manjano, mishipa kijani. Itilie kokoto matone ya ndimu. Ikitoa povu, irudishe ulikoitoa.

16:20 Bi Mwanaesha: Makumbi ya nazi yaliyochambuliwa yatosha. Kama yaliozeshwa pwani kwa ajili ya kamba, yana chumvi. Yaloweke maji matamu siku nzima, mwaga, rudia mara tatu.

16:24 Athman: Na maji ya kisima?

16:29 Ami Shee: Pima EC, yaani kiasi cha chumvi zilizomo majini, kabla ya mbolea. Chini ya 0.5 mS/cm, tumia. Kati ya 0.5 na 1, changanya nusu kwa nusu na ya mvua. Ikizidi 1, hayo ya kufulia. Na upime tena kila msimu, maana kisima kitamu wakati wa masika huweza kuwa cha chumvi kaskazi ikiisha. Mvua ya kwanza ya paa iache ipite: vumbi, mavi ya ndege, chumvi ya upepo wa bahari.

16:37 Ami Shee: Mbolea kwa lita 16: NPK (naitrojeni, fosforasi, potasiamu) ya haidroponiki, yaani ya kilimo cha majini, 4-18-38 gramu 10, chumvi ya Epsom (magnesiamu salfeti) gramu 5, kalsiamu naitreti gramu 10. Kila moja iyeyushe peke yake katika nusu lita, na nusu lita hizo uzihesabu ndani ya lita 16. Ndani ya ndoo tangulia NPK, koroga, Epsom, koroga, kalsiamu mwisho. Zikikutana zikiwa nzito, kalsiamu hushikana na salfeti na fosfeti, unga mweupe unatua chini na mmea hauupati.

16:39 Khadija: Mbolea ya CAN ya duka la kilimo si ndiyo kalsiamu?

16:41 Bi Mwanaesha: Siyo, mwanangu. CAN ni amonia naitreti na chokaa. Chokaa haiyeyuki, na amonia nyingi kwenye maji matupu huunguza mizizi. Urea na DAP nazo zibaki shambani.

16:44 Bi Mwanaesha: pH iwe 5.5 hadi 6.5. Ndimu hushusha, lakini baada ya siku chache yapanda tena kwa kuwa vijidudu huila ile asidi. Asidi ya fosforiki hudumu, tone kwa tone, na glavu mkononi.

16:52 Athman: Nikishapanda, najaza maji kila siku?

16:58 Ami Shee: Hapo ndipo ndoo nyingi zinapokufa. Mche uhamishe ukiwa na majani 3 au 4. Siku hiyo maji yaguse kitako cha kikombe, sentimita 1 tu. Mmea unakunywa, maji yanashuka, nafasi inayobaki juu inaota mizizi ya kuvuta hewa. Ukijaza tena mpaka juu unaizamisha, na baada ya siku mbili majani yamelegea huku ndoo imejaa. B. A. Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii, aliyeeneza njia hii, aliijenga juu ya nafasi hiyo ya hewa. Yakibaki robo, ongeza yafike nusu, basi.

17:03 Khadija: [picha] Hii mizizi ya kahawia ni mbolea imezidi?

17:05 Bi Mwanaesha: Yanuka?

17:05 Khadija: Kama mtaro.

17:09 Bi Mwanaesha: Basi ni kuoza, na chanzo ni joto. Maji ya nyuzi 20 hubeba oksijeni miligramu 9 kwa lita, ya nyuzi 30 kama 7.5, na Pythium, kijidudu kama kuvu kinachoozesha mizizi, hupenda hayo ya moto. Kata iliyooza, mwaga maji yote, sugua ndoo kwa jiki, suuza sana, tia maji mapya. Kisha isogeze kwenye kivuli cha makuti kuanzia saa sita, uizungushie gunia bichi. Iwe mahali penye upepo, maana maji ya gunia yanapokauka ndipo hupoza.

17:10 Ami Shee: Na si kwenye baraza ya kichochoro. Punda hawabishi hodi.

17:14 Athman: Gramu 5 napimaje? Mizani ya jikoni inaruka.

17:16 Ami Shee: Mpelekee sonara akupimie, vifuko kumi kwa mara moja. Ila kalsiamu ifunge vizuri kwenye chupa kavu, kwa unyevu wa hapa usiku mmoja tu inageuka uji.