Simu niliyochaji stendi inaweza kuwa imeibiwa data? Naombeni ushauri wa haraka

Msafiri wa Kanda
Habari zenu wakuu. Leo asubuhi nilikuwa stendi ya Nyegezi, Mwanza, nasubiri gari, chaji imekata nikaingia banda la jirani kijana akanichomekea kwenye USB, baadaye nikachukua simu nikapanda gari. Sasa abiria mwenzangu kaniambia siku hizi ukichaji sehemu usiyoijua wanakukomba kila kitu, picha, meseji, namba. Simu nimeizima mpaka sasa na usingizi sina. Ni kweli? Niiflashi?

Fundi Makoroboi
Kitu hicho kipo mkuu ila kinakuzwa. Waya wa kawaida wa USB una nyaya mbili za umeme na mbili za data, hizo za data ndio mlango wenyewe. Mwaka 2011 kwenye mkutano wa wadukuzi wa DEF CON kule Las Vegas jamaa waliweka kibanda cha kuchaji bure, ukichomeka kioo kinakuonya ungeweza kuibiwa. 2013 iPhone zikaanza kuuliza kama unaiamini kompyuta, Android nazo zikaja kuwa zinachaji tu mpaka mwenyewe uruhusu. Swali: ulichomekewa kwenye chaja au kwenye kompyuta?

Mama Tunu
Mimi natembea na pawabenki yangu na kichwa changu cha chaja, basi. Mdogo wangu aliacha simu inachaji saluni Kahama, kurudi simu hakuna, saluni yenyewe imefungwa. Hao hawakuhangaika na data, walibeba chombo kizima 😂

Mzee wa Busara
Vijana mnapenda vya bure. Hata FBI, wapelelezi wa Marekani, ofisi ya Denver, mwaka 2023 waliwaonya watu waachane na chaja za bure za viwanja vya ndege na mahoteli.

Msafiri wa Kanda
Kwenye kompyuta. Kijana alikuwa ananiwekea na nyimbo kwenye memori.

Fundi Makoroboi
Hapo umebadilisha habari. Kioo kilikuwa wazi? Ulibonyeza ruhusu?

Msafiri wa Kanda
Nilimpa pateni, maana kila akichomeka simu inajifunga. Nikaenda kunywa chai. Ila wakuu kila mtu anafanya hivyo pale, na kijana ana heshima zake.

Mama Tunu
Eeh! Sasa hapo USB ina kosa gani mwanangu? Umempa funguo ya nyumba.

Fundi Makoroboi
Mwenye pateni hahitaji ujanja wowote wa waya. Kuna chaja ambazo watafiti wa Graz, Austria, walizionesha 2025, zinajifanya kibodi zinajibonyezea ruhusa zenyewe, wewe umemrahisishia hata hiyo. Kuna nini kwenye simu kinachokunyima usingizi?

Msafiri wa Kanda
Mimi ni mweka hazina wa kikoba. Laini ya kikundi iko humo, milioni tatu na kidogo. Lakini nimeshachukua hatua, nilipofika tu laini nikaihamishia simu ya mke wangu, pesa yote nikaituma kwa shemeji mpaka mambo yatulie. Nimeona ndio salama.

Mzee wa Busara
Pesa ya watu kwa shemeji! Wanakikundi wanajua?

Msafiri wa Kanda
Nitawaambia kikao cha Jumapili. Shemeji ni mtu wa dini, nilitaka kuilinda tu.

Ngosha wa Mjini
Wakuu hii ni chai. Simu kazima, anajibu kila dakika. Alianza na chaji, ikaja kompyuta, ikaja pateni, sasa milioni tatu ziko kwa shemeji. Huyu anatengeneza maelezo ya Jumapili, ziyeyuke halafu aseme aliibiwa stendi na uzi huu ndio ushahidi.

Msafiri wa Kanda
Naandika kwa simu ya mke wangu, si ile iliyozimwa. Mkuu usinihukumu hunijui.

Mama Tunu
Kama si chai mpigie mwenyekiti usiku huu. Jumapili mbali.

Fundi Makoroboi
Chai au sio chai, wapo wanaosoma na wamefanya hivyo hivyo. PIN ya pesa haikai kwenye simu, kama hukuiandika humo hawezi kuikuta. Fanya hivi: washa simu, ingia WhatsApp kwenye vifaa vilivyounganishwa, uone kama kuna kompyuta inayosoma meseji zako. Kisha mipangilio, sehemu ya wasanidi programu, zima utatuzi wa USB (USB debugging, unaoruhusu kompyuta kuiendesha simu) na ufute ruhusa za kompyuta zote. Angalia programu usizozijua, hasa zilizopewa ufikivu (accessibility), ruhusa ya kusoma kioo na kubonyeza kwa niaba yako. Badilisha pateni na nywila ya barua pepe. Ukikuta kitu cha ajabu ndio uiristi, yaani uifute simu yote ianze upya. Anza na WhatsApp.

Msafiri wa Kanda
Nimewasha. Kuna kifaa kimoja, kimeandikwa Windows, mara ya mwisho leo saa 9 mchana. Mimi sina kompyuta.

Fundi Makoroboi
Kiguse, bonyeza ondoka. Sasa hivi. Meseji za kikundi alikuwa anazisoma huyo, na anaweza kuwa kaomba watu hela kwa jina lako.

Ngosha wa Mjini
Piga picha kioo kabla hujakitoa, utaihitaji polisi.

Msafiri wa Kanda
Nimepiga, nimekitoa. Mwenyekiti simu inaita.